Chini ya Noti Yake

Stoo ya bendi, kambi ya polisi, Mbale.
Mvua imeshuka kutoka Wanale, inatwanga bati,
na mimi, Koplo Candiru, mnakili wa bendi,
nina kalamu ya wino mweusi,
rula iliyovunjika kwenye sentimita ya nne,
na p moja isiyojua pa kukaa.

Usicheke. Ni ndogo kama punje ya ulezi,
lakini watu ishirini na sita watapumua kwa amri yake.

Sajini Onziga alinifunza kwa Kiswahili cha kambini,
kile kisichomwomba mtu radhi:
"P ni pole. F ni foka.
Zikiwa mbili mbili, zidisha.
Kiitalia waachie Waitalia."
Kisha kila Jumatatu, kabla ya chai,
nisimame wima nikariri ubeti wake:

    Alama chini ya noti, isikae pembezoni,
    Mwimbaji ni tofauti, maneno ya kwake chini,
    Yake ipande kwa dhati, ikae juu hewani,
    Jicho halina wakati wa kutafuta gizani.

Nilidhani ni ukali tu wa askari mzee.
Mpaka mazishi yale ya Nakaloke.
Mjane wa mpiga ngoma wetu ameketi mkekani,
tarumbeta ya Sajini, peke yake, inamwendea taratibu,
na mimi, usiku uliotangulia, usingizi ukinivuta,
nilikuwa nimeiandika f ya tromboni
baina ya noti mbili,
kama mtu aliyesimama mlangoni, haingii, hatoki.

Wafula wa tromboni aliisoma alivyoiona.
Alifoka mapigo mawili kabla.
Tarumbeta ikazama.
Mjane akashtuka, akainua uso
kama aliyeitwa na mtu asiyemfahamu.

Wafula hakukosa. Kwenye karatasi yake
hamna tarumbeta, hamna mjane,
mna mistari yake mitano na neno langu.
Kiongozi pale mbele ana karatasi kuu, anamwona kila mtu.
Wafula anamwona Wafula.

Sajini hakusema kitu. Jioni aliniletea kifutio,
nusu, cha kwake, chenye alama za meno.

Siku hizi noti hutangulia,
alama hufuata, upinde wa kuunga huja mwisho
na hupita kando, haukanyagi herufi.
Sauti inayokua naichora kama mdomo wa kinda:
umefumba palepale pumzi inapoanza,
umeachama palepale inapofika,
si nusu kipimo mbele eti nafasi imebana.
Nafasi ikibana nasogeza mistari.
Herufi siisogezi.
Wakilalamika kwamba nakula karatasi za serikali,
nazila.

Leo nanakili sehemu ya tarumbeta, ile ile.
Sajini amerudi kwao Arua;
meno ya mbele yalimwisha,
na tarumbeta haimsikilizi asiye na meno.
Ataipiga Konstebo Kuloba, miaka ishirini na mbili,
hodari, ana haraka, hajawahi kuzika mtu.

Kipimo cha tisa kina p.
Kisha kimya, vipimo kumi na vinne,
kisha tarumbeta inarudi, na bado ni p.
Kwa haki, hapana haja. Ilishaandikwa, haijafutwa.
Naiandika tena,
chini ya noti yake hasa,
nene, imeinama kidogo kuelekea kulia,
kwani aliyenyamaza muda mrefu
husahau aliondoka na sauti gani.

Mvua imepungua. Nje mtu anajaribu klarineti,
anapotea, anarudia.
Wino haujakauka.
Naupulizia, kwa p.